Kulainisha shingo ngumu: jinsi ya kumtii Mungu katika jambo moja unalolijua

Ukaidi wa Mkristo ni nadra kusema "sitaki". Mtu aliyebatizwa, anayekwenda kanisani kila Jumapili, hana ubavu wa kumwambia Mungu sitaki. Anachosema ni "ngoja kwanza". Ngoja karafuu ziuzwe, nitamlipa. Ngoja yeye aanze kunisalimia. Ngoja mtoto amalize skuli. Mwaka unapita, wa pili unapita, na neno la Mungu limekaa palepale moyoni kama mgeni aliyeachwa mlangoni, hajakaribishwa kiti wala maji.

Mabaharia wetu wana neno linaloeleza hali hiyo. Jahazi likitoka Pemba kurudi Unguja wakati wa kusi, upepo unalijia usoni, basi nahodha hubisha: anakata huku, anakata kule, chombo kinatembea sana na safari inasogea kidogo. Neno ni lilelile la mtu mbishi. Mkaidi naye hakai bure. Anasali, anatoa zaka, anaimba kwaya, hakosi mkesha. Lakini anabisha, anakwenda huku na huku kulikwepa jambo moja. Mwongozo huu unahusu jambo hilo moja, kwa sababu utii haujengwi kwa nadhiri kubwa ya mkesha wa mwaka mpya. Unaanza na kitu kidogo ambacho tayari unakijua.

Litafute jambo lenyewe

Chukua daftari dogo na kalamu. Simu iache chumba kingine. Tenga dakika 20 kwa jioni tatu mfululizo, na kila jioni anza kwa kusoma Zaburi 139, mstari wa 23 na wa 24, kwa sauti ya kujisikia mwenyewe: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Kisha jibu kwa maandishi. Ni jambo gani nimeonywa na watu wawili au watatu ambao hawakushauriana? Ni jambo gani likitajwa mahubirini naanza kumfikiria jirani aliyekaa benchi la mbele? Ni ahadi gani niliitoa mbele za Mungu wakati wa ugonjwa au msiba, hali ilipotulia nikaiacha?

Jioni ya kwanza watu wengi huandika mambo mepesi. Jioni ya pili karatasi hubaki tupu na mtu husikia uvivu wa ghafla. Usiache hapo. Jioni ya tatu ndiyo hutoa kile ambacho mkono unasita kukiandika, na mara nyingi ndicho chenyewe.

Chagua kimoja tu, ukiandike kwa namna ambayo mtu mwingine akisoma atajua nini kinatakiwa kufanyika. "Niwe mnyenyekevu" hakifai. Hakina mtu, hakina siku, hakina kiasi. "Nimlipe mchumaji wa karafuu fedha ya pishi 3 nilizomkata msimu uliopita" kinafaa. "Nimwendee dada yangu kuhusu mpaka wa shamba la baba" kinafaa. Kosa linalotokea sana hapa ni kuandika dhambi ya mwingine: "nimsaidie mume wangu apunguze hasira". Ukikuta jina la mtu mwingine ndilo linalotakiwa kubadilika, futa, anza upya.

Jua unakaidi kwa njia gani

Biblia inaonyesha njia nyingi, na dawa zake hazifanani. Naamani, katika 2 Wafalme 5, alikaidi kwa hadhi. Alikuwa mkuu wa jeshi, akaambiwa akajichovye mara saba Yordani, akakasirika: mito ya Dameski si bora kuliko huu? Waliomwokoa ni watumishi wake, waliomuuliza kwa upole kama angekataa lau angeambiwa jambo kubwa. Ikiwa wewe ni wa namna hii, utaijua kwa swali moja: je, ningekubali kama ningeambiwa na mtu wa juu yangu? Mwenye ukaidi wa hadhi dawa yake ni kumsikiliza aliye mdogo kwake. Yona alikaidi kwa hasira. Alitumwa Ninawi, akashuka Yafa kupanda merikebu ya Tarshishi. Na hata baada ya kutii alikaa nje ya mji akinuna, kwa kuwa Mungu aliwasamehe watu asiowapenda.

Lakini ukaidi unaotusumbua sisi watu wa kanisani zaidi ya wote ni ule wa Sauli, katika 1 Samweli 15. Usome wote, taratibu. Sauli aliagizwa aangamize kila kitu cha Amaleki. Akaenda, akapigana, akashinda. Alichobakiza ni mfalme Agagi na wanyama wazuri. Kisha akamlaki Samweli kwa baraka, akasema ameitimiza amri ya Bwana. Nabii akamuuliza: basi kondoo ninaowasikia wakilia ni wa nini? Jibu la Sauli ndilo la kuliangalia kwa karibu: watu waliwaacha hai ili wamtolee Mungu dhabihu. Yaani kile alichokataza Mungu kimegeuzwa kuwa sadaka ya Mungu huyohuyo. Samweli akamwambia kutii ni bora kuliko dhabihu, na akaulinganisha ukaidi na kuabudu sanamu.

Mkaidi wa aina ya Sauli anatimiza sehemu kubwa ya alichoambiwa, na sehemu aliyoibakiza anaivisha vazi la ibada. Anadaiwa na muuza duka mtaani, na Jumapili anatoa sadaka nono. Amekosana na mkwewe, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya harambee. Ukitaka kumtambua Sauli ndani yako, sikiliza sentensi zako zinazoanza na "lakini mimi natoa", "lakini mimi nahudumu". Hao ndio kondoo wanaolia.

Kuna sura nyingine inayotuhusu sisi wa visiwani, tunaoishi Wakristo wachache katikati ya majirani Waislamu. Ukaidi hapa hupenda kujiita msimamo wa imani. Mtu anakula hadharani mchana wa Ramadhani, barazani, mbele ya mwenyeji wake anayefunga, na anasema anatetea uhuru wake wa Kikristo. Hakuna aliyemwomba aikane imani. Paulo, katika Warumi 12:18, anataka tukae kwa amani na watu wote kadiri iwezekanavyo kwa upande wetu. Kipimo ni hiki: msimamo wa imani unakugharimu wewe, ukaidi unamgharimu jirani.

Sala isiyoruka hatua

Tenga dakika 15 alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Wengi hukosea kwa kukimbilia "mapenzi yako yatimizwe" wakati moyo haujasema unachotaka. Tazama Getsemane, Mathayo 26. Yesu kwanza alisema anachotamani: ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke. Baadaye ndipo "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe". Na hakulisema mara moja tu. Mathayo anaandika kwamba aliomba mara ya tatu kwa maneno yaleyale. Kwa hiyo dakika 5 za mwanzo mwambie Mungu kwa lugha yako ya nyumbani kwa nini hutaki: naona aibu, naogopa atanicheka, fedha yenyewe sina. Dakika 5 nyingine nyamaza. Za mwisho taja jambo lako kwa jina na uombe nguvu za kulitenda leo, au siku uliyoipanga. Rudia asubuhi ya pili na ya tatu kwa maneno yaleyale. Usitafute maneno mapya ya kumpendeza Mungu.

Kufunga kunasaidia, kwa mwenye afya. Mjamzito, mwenye kisukari au vidonda vya tumbo azungumze na daktari kwanza, au aache kitu kingine badala ya chakula. Na jihadhari: Isaya 58 inawakemea watu waliofunga huku wakigombana na kuwaonea wafanyakazi wao. Ukiona saumu yako inakufanya uwafokee watoto, fungua, ule, uwaombe radhi.

Tendo, na maneno ya kusema

Weka siku, isizidi saba tangu ulipoandika jambo lako. Katika Mathayo 5:23-24 anayekumbuka kosa akiwa madhabahuni anaambiwa aiache sadaka palepale, aende apatane kwanza. Zakayo naye alitaja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Kama ni deni na huna fedha zote, nenda na ulichonacho, hata shilingi 5,000, na mpangilio wa kinachobaki. Kwenda mikono mitupu na ahadi tupu ni "ngoja kwanza" kwa mlango wa nyuma.

Nenda mwenyewe. Usitume ujumbe wa simu wala usimtume mtoto. Kama unayemwendea ni mzee mnayeheshimiana, unaweza kufuatana na mtu mzima wa familia, ila maneno yatoke kinywani mwako. Kama ni jirani Mwislamu, usiende wakati wa magharibi. Piga hodi, toa shikamoo kwa anayestahili, ulizia hali za watu wa nyumbani, kaa unapoonyeshwa.

Sasa maneno yenyewe. Tofauti kati ya toba na ukaidi imo katika neno moja dogo. "Kama nimekukosea, nisamehe" si kuomba radhi. Hiyo "kama" inamwachia mwenzako kazi ya kuthibitisha. "Nisamehe, lakini na wewe..." ni mbaya zaidi. Sema: "Bibi, msimu uliopita nilikukata pishi tatu na nilijua nakukata. Nimekukosea. Fedha yako hii hapa. Naomba uniwie radhi." Kisha nyamaza. Kunyamaza huku ndiko kugumu kuliko yote, na mtu hujikuta anajieleza: mvua ilikuwa nyingi, bei ilishuka. Zuia. Akikufokea, msikilize mpaka amalize. Akikataa kukusamehe, waambie wa nyumbani kwaheri kwa heshima, uondoke, na kesho ukimkuta njiani umsalimie kama desturi. Msamaha ni wake kutoa. Kwako ilikuwa kwenda.

Mtu wa kukuuliza

Peke yako utarudi kubisha. Tafuta padri, mchungaji, katekista au Mkristo mtu mzima, mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke, mkutane nusu saa kwa wiki. Asiwe mdeni wako wala mfanyakazi wako wala mtu anayekuogopa. Kazi yake ni swali moja: lile jambo umelifanya? Kama kanisa lako lina kitubio, kitumie.

Jizoeze pia kuonywa. Mtu akikukosoa, rudia alichosema kwa maneno yako, useme "asante, nitalitazama", na usijibu zaidi mpaka kesho yake. Mithali 29:1 inamtaja aonywaye mara nyingi akishupaza shingo, na inasema atavunjika ghafla.

Kunyenyekea si kuvunjwa

Hapa lazima tuseme wazi, maana neno utii limetumika vibaya. Kanisa kuu la Kristo pale Mkunazini, Unguja mjini, lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na inasimuliwa kwamba madhabahu ipo ulipokuwa mti wa kuwachapia. Anayepiga magoti pale leo anapiga kwa hiari. Mungu hataki goti linalokunjwa kwa fimbo; Kristo anaita, "Jitieni nira yangu", na anajiita mpole na mnyenyekevu wa moyo.

Basi mke anayepigwa akiondoka kuokoa maisha yake hajakaidi. Binti anayemkataa kiongozi anayesema "Mungu ameniambia uwe wangu" hajakaidi. Mwombezi anayekudai fedha ili laana iondoke, mkatalie bila ya woga. "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu", Matendo 5:29. Ukiona unyenyekevu wako unamnufaisha mshauri wako, badilisha mshauri, na kama umeumizwa, toa taarifa kwa wanaohusika.

Muda unaochukua

Akina mama wa Jambiani na Paje huyafukia makumbi ya nazi ufukweni, pale maji yanapopwa na kujaa, wakayakandamiza kwa mawe, na kuyaacha miezi kadhaa. Kumbi likifukuliwa mapema bado ni gumu; ukiligonga, nyuzi zinakatika na usumba wake hausokoti kamba ya maana. Likiiva, linagongwa, linatoa nyuzi ndefu laini. Moyo uliokaidi miaka kumi haulainiki wiki moja. Utafanya jambo lako, utafurahi, na wiki ya pili au ya tatu utarudia lilelile kwa sura nyingine. Petro alikana mara tatu na bado alikabidhiwa kondoo. Siku ukianguka, andika tarehe daftarini, mwambie mtu wako kabla ya siku ya mkutano, na uanze tena na sala ya alfajiri.

Dalili za kulainika ni ndogo. Muda kati ya kuonywa na kukubali unapungua, kutoka miezi hadi siku. Unaweza kurekebishwa na mtoto wako mbele ya wageni bila ya kubadilika sura. Unaposikia mahubiri, jirani hakujii akilini. Ukiziona mbili kati ya hizi, na jambo la kwanza limefanyika na limekaa kwa siku 40, fungua ukurasa mpya, uandike la pili.