Umestaafishwa kwa lazima Magereza: namna ya kupinga uamuzi huo Mahakama Kuu

Usianzie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Kifungu cha 2 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinawaweka nje watumishi wa Magereza, sawa na wenzao wa JWTZ, Polisi na JKT. Shauri lako CMA litaondolewa kwa kukosa mamlaka, na wakati unalisubiri, muda wa njia yako halisi utakuwa unakatika. Njia hiyo ni maombi ya mapitio ya mahakama, na muda wake ni miezi 6 tu.

Miezi hiyo ihesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya uamuzi, hata kama ilikufikia wiki tatu baadaye. Ukiwa na haki ya rufaa ndani ya utumishi, ikate kwanza, kwa maandishi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mahakama haipendi mtu anayeruka ngazi. Rufaa ikishaamuliwa, basi: barua za kukumbushia na za kuomba huruma hazisimamishi saa. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda na ueleze kila siku iliyopita, na siku moja isiyo na maelezo inatosha kukuangusha.

Kusanya hati ya mashtaka ya nidhamu, utetezi wako, mwenendo wa kikao, barua ya uamuzi na majibu ya rufaa. Usichopewa kiombe kwa barua, na utunze ushahidi kwamba barua ilipokelewa. Ukimya wao nao ni ushahidi.

Sasa jambo linalowapoteza wengi. Jaji hatakusikiliza ukieleza, kwa mfano, kwamba mfungwa hakutoroka kwa uzembe wako. Mapitio hayapimi kama ulikosea. Yanapima njia waliyopita hadi kukustaafisha. Kwa hiyo soma makaratasi yako ukiuliza: nilielezwa kosa kabla ya kujitetea? Kosa nililotiwa hatiani ndilo nililoshtakiwa? Aliyenilalamikia alikaa kwenye kikao kilichoniamua? Aliyesaini ana mamlaka ya nidhamu kwa cheo changu? Sababu zimetolewa? Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inalinda haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufaa, na hoja moja iliyothibitishwa kwa nyaraka ina uzito kuliko kumi za malalamiko.

Angalia pia kama barua inasema umestaafishwa “kwa manufaa ya umma” bila shtaka lolote, ilhali kilichotangulia ni tuhuma. Hapo kesi ya Shekimweri dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, iliyoripotiwa 1997, itakufaa sana. Afisa wa uhamiaji alistaafishwa kwa maneno hayohayo, kwa uamuzi wa Rais mwenyewe, na Jaji Kiongozi Samatta akaubatilisha kwa kuwa sababu hazikutolewa.

Kanuni za mapitio za 2014 zina hatua mbili. Kwanza unaomba kibali. Unawasilisha maombi ya chemba, yale makarani wanayoyaita chemba samansi, pamoja na maelezo yanayotaja wewe ni nani, unaomba amri zipi na kwa hoja zipi, kisha hati ya kiapo inayothibitisha ukweli wa mambo. Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima awe mjibu maombi. Kiapo kibebe matukio tu. Ukichanganya na hoja za sheria au maombi, Wakili wa Serikali ataweka pingamizi la awali, naye ana msingi wa zamani: kesi ya Matovu ya 1966, ya Uganda, ambayo kwa bahati nayo ilikuwa dhidi ya Kamishna wa Magereza. Hakikisha pia sehemu ya uthibitisho inatenganisha unayoyajua mwenyewe na uliyoambiwa, na kwamba anayekuapisha anaandika jina lake, mahali na tarehe.

Kibali si ushindi. Kinasema tu kwamba kuna hoja ya kubishaniwa. Ndani ya siku 14 tangu kitolewe lazima uwasilishe maombi yenyewe. Wapo wanaopata kibali, wanapumzika, na kesi inafia hapo.

Omba amri ya kutengua uamuzi. Ukitaka pia amri ya kuwalazimisha wakurudishe kazini, waandikie barua ya madai mapema, kwa sababu amri hiyo hutolewa pale mamlaka ilipoombwa kutimiza wajibu ikakataa au ikanyamaza. Fidia haipatikani humu. Hiyo ni kesi ya madai, nayo hutanguliwa na notisi ya siku 90 kwa Serikali.

Jiandae kwa jambo moja linaloumiza: uamuzi ukitenguliwa kwa kuwa hukusikilizwa, mamlaka inaweza kukuita upya na kukusikiliza safari hii kwa utaratibu. Kwa hiyo utetezi wako wa kosa lenyewe, ule ambao jaji hakutaka kuusikia, uwe tayari umeandikwa, na mashahidi wako ujue walipo.