Jinsi ya Kuomba Ithibati ya Shahada ya Awali Inayobebwa na Idara Zaidi ya Moja

Mwongozo huu unamlenga mratibu aliyekabidhiwa kazi ya kuandaa shahada ya awali inayochanganya fani, yaani ile ambayo mwanafunzi hufundishwa na idara mbili au tatu, kisha akatunukiwa shahada moja. Nauandika nikiwa Tanga, baada ya chuo chetu kukamilisha maombi ya shahada ya mafunzo ya pwani, ambamo sayansi ya bahari, historia na akiolojia, pamoja na uchumi wa jamii vimewekwa chini ya mtaala mmoja. Fomu za Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), inayotoa ithibati, yaani idhini rasmi ya kufundisha shahada, zinajieleza zenyewe, na anayezijua za shahada ya kawaida hatapata shida nazo. Kilichotugharimu ni makubaliano baina ya idara, ambayo yaliachwa mpaka mwisho; wataalamu wanaopitia mitaala walilirudisha ombi kwa sababu hiyo, na msimu mzima wa udahili ukatupita.

Anza na tathmini ya mahitaji, na uifanye kwa watu watakaowaajiri wahitimu au kufanya nao kazi. Kwa Tanga hao si wa kutafutwa mbali: wapo wavuvi na wachuuzi wa soko la Deep Sea, bandari, halmashauri, wahifadhi wa magofu ya Tongoni na mapango ya Amboni, pamoja na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009. Katika ripoti, kila ujuzi unaodai kwamba unahitajika uonyeshe ni mdau gani aliyeutaja na ni kozi gani itakayoufundisha. Jedwali hilo moja lina uzito kuliko kurasa nyingi za maelezo ya jumla kuhusu umuhimu wa elimu.

Kabla ya kuandika hata kozi moja, wakutanishe wakuu wa idara zote na mwandikiane hati ya makubaliano. Hati hiyo ijibu maswali manne bila kuzungukazunguka. Idara mwenyeji ni ipi, yaani nani anatunza kumbukumbu za mwanafunzi na kupokea malalamiko yake? Saa ambazo mhadhiri wa idara jirani anafundisha kwenye shahada hii zitahesabiwa katika mzigo wake wa kazi, au atachukuliwa kuwa anajitolea? Ada igawanywe vipi pale ambapo idara moja inahitaji mashua na maabara na nyingine inahitaji vitabu tu? Na matokeo ya mtihani yapitie bodi ya idara gani kwanza? Mkuu wa idara akikubali kwa mdomo, mshukuru, lakini usiendelee mpaka atie saini, kwa kuwa cheo hicho hubadilika mikono na anayekuja hafungwi na ahadi ambayo haimo kwenye faili.

Hati ikishasainiwa, nendeni kwenye krediti, na hapa ndipo patakapohitaji uvumilivu wenu wote. Kwa mujibu wa mfumo wa tuzo za vyuo vikuu uliotolewa na TCU mwaka 2012, shahada ya awali iko ngazi ya 8 na inahitaji krediti zisizopungua 360, na kila krediti ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Kwa miaka mitatu hiyo ni krediti 120 kwa mwaka na 60 kwa muhula. Idara tatu zikisikia 360, kila moja hudai 120 zake, na hesabu inaonekana ya haki. Lakini haijaacha nafasi ya mbinu za utafiti, stadi za mawasiliano, mafunzo kwa vitendo na tasnifu, ambavyo si mali ya idara yoyote na ndivyo vinavyoifanya shahada iwe kitu kimoja badala ya vipande vitatu vilivyoshonwa pamoja. Ushauri wangu ni kwamba mtenge kwanza krediti za kozi za pamoja, halafu kinachobaki ndicho kigawanywe. Katika rasimu yetu ya kwanza zilikuwamo kozi mbili za takwimu, kila moja ya krediti 12, moja ya idara ya sayansi na nyingine ya idara ya uchumi, na mada zake zilikuwa karibu zile zile. Ukizijumlisha, ni saa 240 za kijana zinazotumika kujifunza wastani na sampuli mara mbili. Kuziunganisha kulihitaji mjadala mkali, lakini ulikuwa mjadala wenye manufaa kuliko mwingine wowote tulioufanya.

Sifa za kujiunga nazo zinataka uangalifu. Kigezo cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita, wenye pointi zisizopungua 4.0, na mratibu huweza kudhani kwamba hilo limekwisha. Kwa shahada ya mchanganyiko halijaisha, kwa sababu darasa moja litakuwa na aliyesoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), ambaye ameachana na biolojia tangu kidato cha nne, na aliyesoma CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), ambaye hajazoea kuandika insha ndefu ya historia. Mtaala lazima uonyeshe kozi za msingi za muhula wa kwanza zitakazowasogeza wote wawili. Msiwafungie nje wa tahasusi za sanaa ili kujirahisishia kazi. Mtoto wa Pangani au Mkinga aliyekulia ufukweni ana maarifa ya bahari ambayo cheti chake hakiyaonyeshi, na shahada hii inamhusu kama inavyomhusu mwenzake wa sayansi.

Kuhusu ratiba, nasisitiza jambo ambalo ofisi za ratiba hazilizoei. Mazoezi ya ufukweni hufuata maji. Bamvua hurudi takriban kila baada ya wiki mbili, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na wakati huo ndipo maji hukupwa mbali kiasi cha kuacha wazi nyasi za bahari na miamba ambayo wanafunzi wanatakiwa kuipima. Ukipangiwa kila Jumanne asubuhi, baadhi ya Jumanne utawafikisha wanafunzi ufukweni na kukuta maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Andikeni ndani ya mtaala kwamba saa za mazoezi zitapangwa kwa jedwali la maji kujaa na kupwa, ili idara nyingine zisije kuona kwamba mnapendelewa.

Kwa upande wa wahadhiri, kusanyeni wasifu na nakala za vyeti mapema, na mwenye shahada ya chuo cha nje ya nchi aanze mara moja kuomba TCU itambue tuzo yake, kwa kuwa kazi hiyo ina foleni yake. Mhadhiri msaidizi awe na shahada ya uzamili. Mratibu naye apewe barua ya uteuzi inayotaja saa zake za uratibu. Bila barua hiyo, kazi yote huangukia jioni za mtu mmoja, na akihama shahada huyumba.

Baada ya hapo njia imenyooka: warsha ya wadau yenye kumbukumbu zilizosainiwa, bodi ya kitivo, Seneti, kisha ombi kupitia mfumo wa TCU na malipo kwa kumbukumbu namba itakayotolewa. Maoni yakirudi, jibuni moja baada ya jingine, mkitaja ukurasa ambapo rekebisho limefanyika. Msitangaze shahada wala kupokea mwanafunzi kabla ya ithibati, hata kama wazazi wanapiga simu kila siku, kwa sababu mwenye kuumia ni kijana atakayejikuta anasoma shahada isiyotambulika.

Ithibati ikitoka, hakikisheni kwamba jina la shahada kwenye mwongozo wa udahili linafanana neno kwa neno na lililoidhinishwa, kwani mwombaji wa mkopo hujaza jina hilo hilo. Kisha kamati ya wakuu wa idara wale wale waliosaini hati ikutane kabla ya muhula wa kwanza kufunguliwa, ipange tarehe za bodi za mitihani, na iweke nakala ya kalenda hiyo katika ofisi ya kila idara.