Miche yako inageuka manjano ndani ya nyumba? Angalia mizizi kwanza, mbolea iache kwa duka la agroveti

Kuanzia Juni mpaka Agosti hapa Nairobi swali ninaloulizwa na watu wa kupanda mboga kwa fleti ni lile lile, miche yangu ya nyanya imekuwa manjano nitie mbolea gani. Na mimi husema usitie kitu kwanza. Chukua kijiko uchimbue mche mmoja, ule mbaya kabisa, usiuvute, alafu uoshe mizizi kwa kikombe cha maji uiangalie vizuri. Ikiwa myeupe na imesambaa shida iko kwingine, mwanga ama baridi ama wadudu. Ikiwa ya kahawia na laini, ukiishika ngozi inatoka inabaki kauzi kembamba, basi mche umekaa kwa maji mpaka mizizi ikaoza na mbolea utakayoweka hapo itaumaliza tu.

Hii maneno naisema kwa uchungu. Trei yangu ya kwanza ya hoho, ile ya matundu 128, niliipoteza yote mwezi wa saba, nilikuwa nimeambiwa kwa duka kwamba manjano ni njaa ya naitrojeni nikanyunyiza CAN, mbolea ya naitrojeni, na kumbe trei ilikuwa imekalia sahani yenye maji wiki nzima. CAN ni chumvi, mzizi uliooza hauwezi kuihimili, na baada ya siku tatu kingo za majani zilikuwa zimekauka kama karatasi iliyopitishwa kwa moto.

Ukishaangalia mizizi, angalia manjano yameanzia wapi. Hapa ndipo watu wengi wanakosea kwa sababu wanaona rangi na hawaoni mahali. Yale majani mawili ya kwanza kabisa, ya mbegu, yakigeuka manjano na kudondoka wakati mche una majani manne ama matano ya kweli hiyo ni kawaida, acha. Majani ya chini yakipauka yote mpaka mche mzima ukafifia, na mizizi iko sawa, hapo kweli ni njaa ya naitrojeni kwa sababu mche unaitoa kwa majani ya zamani unapeleka kwa machanga. Majani ya chini yakiwa manjano katikati ya mishipa na mishipa yenyewe ikabaki kijani, shuku magnesiamu. Lakini ikiwa ni majani ya juu, yale yanayotoka sasa, ndiyo manjano na mishipa ya kijani, hapo mche unakosa madini ya chuma, na mara nyingi si ati chuma haiko kwa udongo, ni udongo umelowa sana ama maji yako yana magadi na mzizi unashindwa kuichukua.

Alafu kuna zambarau. Nyanya ikiwa na zambarau chini ya jani watu husema inakosa fosforasi wanakimbilia DAP, mbolea yenye fosforasi, lakini Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na usiku wa Julai joto linaweza kushuka mpaka digrii 11 hivi, udongo ukiwa baridi mzizi hauchukui fosforasi hata kama imejaa. Toa trei kwa sakafu ya simiti, iweke juu ya meza, weka kadibodi chini yake, na usiku isogeze mbali na kioo cha dirisha. Majani mapya yakitoka kijani umejua ilikuwa baridi.

Mwanga sasa. Mche ukirefuka kama uzi na kuinamia dirisha unatafuta jua, na hakuna mbolea itakayochukua nafasi ya jua. Sisi tuko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hivyo mwezi wa sita jua linapita upande wa kaskazini na dirisha linaloangalia kaskazini ndilo linapata, Desemba linahamia kusini, yaani dirisha lililokulea miche vizuri wakati wa Krismasi linaweza kukuangusha Juni na wewe hujabadilisha kitu. Dirisha la mashariki lina nafuu mwaka mzima kama hakuna ghorofa jirani imelikaba, na kule mitaa ya Pipeline ama Zimmerman unajua venye ghorofa zimekaribiana. Kama huna jua, taa ya kawaida ya LED nyeupe inatosha, ile ndefu ya wati 18, iwe juu ya miche sentimita 10 mpaka 15 na iwake saa 16 kwa siku. Ukipiga hesabu ni kama uniti 9 za tokeni za umeme kwa mwezi. Watu wanaitundika kwa dari alafu wanashangaa miche imerefuka, taa ikiwa mbali ni kama haiko.

Nyanya iliyorefuka bado inaokoka, unapoihamisha izike shina mpaka karibu na majani ya kwanza itatoa mizizi hapo. Hoho usiizike hivyo.

Kuhusu maji, usimwagilie kwa ratiba. Inua trei usikie uzito wake, ikiwa nyepesi na juu pamekauka ndio unamwagilia. Mimi huweka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo, inanyonya kutoka chini dakika 20, alafu naitoa ichuruzike, isibaki ndani. Mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kasuku bila matundu si chombo cha miche, toboa. Na maji ya borehole, yaani kisima kirefu, yakiacha ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zikawa kahawia, ujue ni chumvi, na kuyachemsha hakusaidii, kinga maji ya mvua ukipata.

Mche ukianguka ghafla asubuhi kama umekatwa na wembe, shina limebonyea na kuwa kahawia pale linapokutana na udongo, hiyo ni kinyausi. Ni ukungu na huo mche hauponi. Toa ulioanguka pamoja na udongo wake, acha kumwagilia, fungua dirisha mchana ama weka feni ndogo hewa itembee, unaweza kuokoa miche iliyobaki. Msimu ujao usitumie udongo mbichi wa shambani, upike kwa mvuke dakika 30 ama tumia kokopiti, ile ya makumbi ya nazi yaliyosagwa.

Vijinzi vyeusi vidogo vinavyoruka ukigusa trei vinaletwa na unyevu, watoto wao wanakula mizizi, kausha sentimita 2 za juu utaona vinapungua. Vidoa vyeupe vidogo kwa jani na utando mwembamba chini yake ni utitiri. Geuza jani, osha upande wa chini na maji ya sabuni, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, jaribu mche mmoja kwanza na ufanye jioni.

Kitu kingine hakisemwi sana. Kama unapikia jiko la makaa chumba hicho hicho, ama umeweka trei karibu na ndizi zinazoiva, kuna gesi inaitwa ethilini na nyanya inaihisi haraka, majani yanakunjama kuelekea chini na rangi bado ni kijani. Hamisha tu. Na ukivuta sigara nawa mikono na sabuni kabla ya kugusa nyanya ama hoho, tumbaku inabeba virusi vinavyoingia mimea hiyo na havina dawa.

Ukihakikisha mizizi ni myeupe na mwanga uko, ndio sasa lisha. Mbolea ya maji ya 19:19:19, yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu sawa sawa, kijiko kimoja cha chai kwa lita 10, mara moja kwa wiki, juu ya udongo wenye unyevu. Samadi ya kuku ambayo haijaoza iweke mbali kabisa. Kwa balkoni usiitoe miche ghafla siku moja, anza na saa moja ya jua la asubuhi uongeze kidogo kidogo siku 7 mpaka 10, na ukiona mabaka meupe kwa majani irudishe kivulini siku mbili kwanza.