Mshahara wa milioni 5 Dar, upange hivi

Kwanza sahau hiyo milioni 5, NSSF (mfuko wa pensheni) ikitoa 10% na PAYE (kodi ya mshahara) ikakata 30% kwa kinachozidi milioni 1, mkononi unabaki na kama 3.3, na bodi ya mikopo ya wanafunzi ikikudai toa 15% nyingine ya mshahara wa msingi.

Kodi ya nyumba ndo inaumiza, mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mpigo, so ukipanga ya laki 6 kwa mwezi, kila mwezi tenga laki 6 kwenye akaunti isiyo na kadi, mi mwaka wa kwanza sikutenga nikaishia kukopa. Akiba itoe siku ileile mshahara unaingia. Mafuta, LUKU (umeme), ada zipangie, na michango ya harusi pia, weka laki na nusu, ikiisha waambie mwezi ujao.