Kuuza Viti Second Life Ukiwa Kisumu: Hatua kwa Hatua

Mtu akiniuliza kazi yangu hujibu kwamba nauza viti. Akiuliza duka liko mtaa gani, hapo huanza kujikuna kichwa. Viti vyangu hukaliwa na avata, yaani vikaragosi vya kompyuta vinavyowakilisha watu, ndani ya Second Life, ulimwengu wa mtandaoni uliofunguliwa na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco mwaka 2003. Nitakupitisha njia niliyopita mimi, pamoja na shimo nililotumbukia.

Hatua ya 1: Andaa mashine

Tumia kompyuta. Ikiwa na RAM ya GB 8 au zaidi utaenda vizuri. Kila nyumba, mti na nguo unayoiona mle hupakuliwa pale pale unapoisogelea, kwa hiyo bando ya simu itakuishia ukiwa bado unatafuta viatu vya kuvaa. Kama huna Wi-Fi ya nyumbani, nenda saiba yenye mtandao wa kasi.

Pakua programu ya Second Life yenyewe au Firestorm, programu nyingine ya kuingilia mle ambayo wajenzi wengi wanaipenda. Ukishaingia, bonyeza Ctrl na P, nenda kwenye mipangilio ya michoro, upunguze umbali wa kuona kutoka mita 128 hadi 64. Laptopu yangu ya zamani iliacha kunguruma siku hiyo.

Hatua ya 2: Fungua akaunti

Ya kawaida ni bure. Fikiria jina la kuingilia vizuri, kwa sababu kulibadilisha baadaye kunalipiwa. Maeneo yamepangwa kwa madaraja matatu kulingana na umri na maadili. Anza na yale ya watu wote hadi uzoee.

Hatua ya 3: Zurura kwanza

Wengi huruka hatua hii, halafu wanashangaa mbona hawauzi. Jipe wiki mbili bila kutumia hata senti. Bonyeza F upae, fungua ramani, bofya mara mbili popote na utajikuta hapo. Kila eneo ni mraba wa mita 256 kwa 256, na yamepakana kama mashamba. Nenda kwenye muziki, cheza dansi, piga gumzo na wenyeji.

Angalia saa pia. Saa ya mle ni ya California. Mwezi wa Julai, saa mbili usiku kwao ni saa kumi na mbili asubuhi kwetu. Desemba huwa saa moja asubuhi. Ukiingia baada ya chakula cha mchana utakuta kumbi nyingi zao zimelala.

Mimi niliponzwa na mashua. Mtoto wa ziwani, nikajitia nahodha huko Blake Sea, bahari ya mle ambako watu huenda kutweka matanga. Nilipovuka mpaka wa eneo moja kwenda jingine, mashua ikatoweka nami nikabaki nimekaa hewani. Ni kawaida kule, wenyewe wanacheka tu. Nikaogelea hadi ufukweni, na nilipokuwa nimesimama pale ndipo nikagundua kwamba nyumba za pwani zote zina viti vya aina moja, vyeupe, utadhani vya hospitali. Nikakumbuka viti vya magugumaji vinavyosukwa hapa kwetu.

Hatua ya 4: Tengeneza kitu kimoja

Kimoja, tena kidogo. Nilimwendea fundi anayesuka samani za magugumaji, nikamweleza ninachotaka na kumwomba ruhusa. Usichukue mchoro wa mtu kimyakimya, hata kama anayeununua yuko Marekani.

Piga picha ya msuko kivulini; ndiyo itakayovikwa kiti chako. Jua la Kisumu la saa saba linachoma upande mmoja wa msuko na kuutia mwingine weusi, na doa hilo litajirudia kiti kizima. Kata picha iwe mraba wa pikseli 1024 kwa 1024. Ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha, isogeze nusu kwenda kulia na nusu kwenda chini: kingo zitakutana katikati na utaona mshono. Uzibe kwa brashi ya kunakili, taratibu, ukifuata mwelekeo wa nyuzi. Kazi hii ilinila jioni tatu, na stima ikapotea mara mbili nikiwa sijahifadhi.

Umbo la kiti lenyewe lichonge kwa Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D. Punguza pembetatu zinazounda umbo kadiri uwezavyo, maana kila kiwanja kina kikomo cha vitu kinachoweza kubeba, na mnunuzi huangalia kiti kinakula kiasi gani cha kikomo hicho kabla ya bei. Kabla ya kupakia maumbo utajibu maswali machache kuhusu hakimiliki na kuweka njia ya malipo. Fanya majaribio kwenye Aditi, ulimwengu wao wa kujaribia, ambako kupakia hakukugharimu kitu.

Hatua ya 5: Ruhusa tatu

Hapa ndipo nilipoanguka. Kila kitu unachouza kina ruhusa tatu: kunakili, kurekebisha na kumpa mwingine. Kiti changu cha kwanza nilikiachia zote, nikijiona mkarimu. Hazikupita siku nyingi nikakikuta kwenye duka la mtu mwingine, nusu bei, na yeye hakuvunja sheria yoyote kwa kuwa ruhusa nilimpa mwenyewe. Sasa ninaruhusu kunakili na kurekebisha, ila kumpa mwingine nakufunga. Kagua kabla ya kuweka bei.

Hatua ya 6: Weka sokoni

Anza na soko lao la tovuti, lisilohitaji ardhi. Mwaka 2006 jarida la BusinessWeek lilimweka Anshe Chung kwenye jalada kwa utajiri wa ardhi ya humo, na hadi leo wageni hukimbilia kukodi viwanja kabla hawajawa na bidhaa. Kodi ya kila wiki haingoji mteja.

Hatua ya 7: Toa pesa

Bei huwa kwa dola za Linden. Kama 250 hivi ni dola moja ya Marekani. Kiti cha 300, basi, ni dola moja na ushei. Utazibadilisha kwenye soko lao la fedha, uthibitishe kitambulisho chako, uzipeleke PayPal, kisha M-Pesa. Njiani kuna makato, kwa hiyo mimi huacha zikusanyike miezi miwili au mitatu.

Ujumbe wa kwanza wa M-Pesa ulipoingia, sehemu yake nilimtumia yule fundi. Akanipigia simu kuuliza ni kiti kipi alichouza akakisahau.