Satima kwa Siku Moja: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupanda

Satima, kilele kirefu kuliko vyote katika safu ya Aberdare nchini Kenya, kina mita 4,001, lakini si urefu huo unaowashinda wengi. Kinachowashinda ni unyevu na saa. Ukianzia lango la Wanderis la Hifadhi ya Taifa ya Aberdare hukwei kwa kamba popote. Unavuka uwanda wa vichaka vya erika na mafundo ya nyasi, na baina ya fundo na fundo pana kinamasi. Wewe na mwenzako mkijiandaa kwa hayo mawili, kilele kitajileta chenyewe.

Anzeni na miguu. Mwenye buti za mlimani hukanyaga juu ya mafundo ili asilowe, fundo likainama, kifundo cha mguu kikateguka. Mwenye gambuti hupita katikati, ndani ya maji, bila kujali. Ndiyo maana gambuti za bei nafuu mara nyingi hushinda buti za gharama hapa. Ubaya wake hujitokeza wakati wa kuteremka: mguu unacheza ndani na kisigino kinatoa malengelenge. Vaa soksi mbili, nyembamba ndani na nzito nje, na ubebe jozi kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Fimbo ya kawaida inafaa sana kupimia kina cha tope kabla hujatia mguu.

Erika hushika umande na mvua matawini, kwa hiyo utalowa hadi kiunoni hata kama jua linawaka. Jinzi na fulana za pamba ziacheni nyumbani, maana zikilowa hazikauki na hunyonya joto la mwili. Vaa suruali nyepesi inayokauka haraka, sweta la sufu, na koti la mvua lenye kofia. Poncho hunaswa na matawi na kuchanika. Vitu vyote vya mkobani vitie kwanza ndani ya mfuko mkubwa wa takataka.

Malipo ya kuingia hifadhini, yanayopokewa na KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya), hufanyika mtandaoni. Yamalizeni siku moja kabla, mhifadhi risiti kwenye simu, kwani mtandao wa huko si wa kutegemea. Ombeni renja mapema pia. Kuna nyati na tembo, na erika ni ndefu kiasi cha kumficha nyati mzima. Mbebeeni renja chakula cha mchana. Na kumbukeni hesabu hii: renja mmoja hagawanyiki. Mmoja wenu akishindwa, wote mnarudi, kwa hiyo kubalianeni mkiwa bado nyumbani kwamba neno la anayetaka kurudi halibishaniwi.

Tengeni muda wa saa saba hadi tisa wa kutembea. Anzeni saa moja asubuhi, na saa saba mchana iwe mwisho wa kupanda, popote mtakapokuwa. Mchana mawingu huelekea kukusanyika, ukungu hufunika miamba ya Dragon's Teeth mnayoitumia kama alama, na radi juu ya uwanda usio na miti haina mchezo. Miezi ya Januari na Februari ndiyo yenye nafuu.

Kwenye mita 4,000 kila pumzi ina kama asilimia 60 tu ya oksijeni ya pwani. Anayetoka Nairobi alfajiri na kupanda siku hiyohiyo hujitakia kichwa kuuma. Kulala Nyahururu, zaidi ya mita 2,300, kunasaidia na kunaokoa muda. Kila mtu abebe maji lita tatu, mayai ya kuchemsha, chapati, karanga na ndizi. Dawa ya maumivu isitumiwe kuficha kichwa kinachouma ili mzidi kupanda. Mwenzako akinyamaza ghafla, akijikwaa ovyo au akijibu polepole, hapo hapo geuzeni.

Kila mmoja awe na tochi ya kichwani na filimbi yake. Zikikaa zote kwenye mkoba mmoja, mkipoteana mwingine hana kitu. Pakueni ramani isiyohitaji intaneti kwenye simu zote mbili, na simu zikae mfuko wa ndani, kwa sababu baridi hula chaji. Msiwashe moto wala kutupa sigara: erika kavu hushika kama mafuta ya taa. Nguo kavu na viatu vya kurudia viacheni garini, na mtu wa nyumbani aambiwe jina la lango mtakaloingilia na saa ya kuanza kuwatafuta.