Majirani na mimea ya samaki beta: panda kwanza, samaki baadaye

Kwamba madume wawili wa beta, samaki mdogo wa mapambo, hawakai tangi moja, muuza samaki yeyote atakueleza. Asichoeleza kwa kawaida ni kwamba ugomvi mwingi kati ya beta na samaki wa aina nyingine huletwa na tangi tupu. Beta hulinda eneo analoliona. Kwenye tangi lenye mawe mawili na ngome ya plastiki anaona kutoka kioo hadi kioo, kwa hiyo tangi zima ni lake na kila anayepita ni mvamizi. Mimea ikimkatiza asione mbali, eneo analodai hupungua na wenzake hupata pa kukaa. Ndiyo maana mimea huchaguliwa kabla ya majirani.

Anza na ukubwa. Beta wa peke yake anatosheka na lita 20. Akiwa na majirani usishuke chini ya lita 40, yaani tangi la sentimita 45 kwa 30 kwa 30, na lita 54 (60 kwa 30 kwa 30) ni bora zaidi. Ukimwagizia fundi wa vioo, mwambie unataka tangi la kulala, si la kusimama: beta hupanda juu kuvuta hewa mara kwa mara, na dume mwenye mapezi marefu huchoka kwenye maji ya kina. Agiza na kifuniko, maana huruka. Kati ya maji na kifuniko acha sentimita 4 au 5 za hewa.

Maji yawe nyuzi 25 hadi 28. Mchana wa Kampala unaweza kukudanganya kwamba hita haihitajiki, lakini usiku hewa hushuka hadi nyuzi 17 au 18, na Kabale ni baridi zaidi. Hita ya wati 50 inatosha lita 40. Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24 au tumia dawa ya kuiondoa.

Sasa mimea. Kwa anayeanza, wa kwanza ni anubiasi, mmea wa Afrika Magharibi na ya Kati unaovumilia mwanga hafifu na hauhitaji mbolea nyingi. Majani yake ni mapana na magumu, na beta hupenda kuyalalia karibu na uso wa maji. Kosa linalouua ni kuuzika. Lile shina nene linalotambaa, ambalo mizizi inatokea chini yake, likifukiwa kwenye mchanga huoza ndani ya wiki chache, na majani huachia moja moja. Lifunge kwa uzi wa pamba juu ya jiwe au gogo, mizizi itashika yenyewe. Kangaga la Java hufungwa vivyo hivyo. Madoa meusi chini ya majani yake makubwa mara nyingi ni mahali vichipukizi vinapotokea, si ugonjwa, kwa hiyo usiyakate.

Kriptokorini hupandwa mchangani, tano au sita kwa tangi la lita 40, zikipangwa kama ukuta unaoligawa tangi pande mbili. Ukizihamisha, majani huyeyuka karibu yote kwa wiki mbili tatu. Watu wengi huzing'oa na kuzitupa hapo. Ziache: kama mizizi ni mizima, zitachipua majani mapya yaliyozoea maji yako. Konzi moja ya mosi ya Java, mmea laini unaotanda, inakamilisha sehemu ya chini. Juu, mimea inayoelea humtuliza beta kwa kivuli, ila isizidi nusu ya uso wa maji; ukifunika wote, mimea ya chini inakosa mwanga na beta anahangaika kutafuta pa kuvutia hewa.

Taa iwake kwa muda wa saa 6 hadi 8 kila siku, na tangi lisipigwe na jua la dirishani, la sivyo mwani utashinda kila kitu. Ukipenda mapambo ya bandia, pitisha soksi laini ya nailoni juu yake. Ikinasa, mapezi ya beta nayo yatachanika.

Hapa Uganda kuna kishawishi kimoja kinachohitaji maneno zaidi. Ziwa Victoria lina mimea ya bure, ukiwemo ule mmea laini kama mkia wa paka (Ceratophyllum demersum) ambao madukani huuzwa kwa pesa, pamoja na zile rozeti za kijani zinazoelea (Pistia). Usiichume. Pwani za ziwa hilo zina konokono wa jamii ya Biomphalaria, wanaobeba minyoo ya kichocho. Konokono aliyeambukizwa hutoa vijidudu majini kwa wiki nyingi, na vijidudu hivyo hupenya kwenye ngozi, pamoja na mkono wako unaposafisha tangi. Aliyeanguliwa ndani ya tangi kutoka kwenye yai hana minyoo, lakini kwa macho huwezi kumtofautisha na aliyeingia akiwa mtoto kwenye jani. Nunua mimea iliyokuzwa kwenye matangi. Hata hiyo iloweke kwenye maji ya shabu, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, kwa saa mbili hadi tatu, uisuuze vizuri, kisha uiweke kwenye ndoo ya maji safi wiki mbili ukitazama kama kuna konokono.

Filta ya sifongo inafaa kuliko ile yenye mkondo mkali. Ifanye kazi na mimea wiki nne hadi sita kabla ya samaki, ukitia punje chache za chakula ili bakteria wanaosafisha maji wapate cha kula. Amonia na nitriti, sumu ambazo bakteria hao huziondoa, zikisoma sifuri kwenye kipimo, tangi liko tayari.

Kanuni ya kuchagua majirani ni hii: wawe wadogo, wenye rangi tulivu, mapezi mafupi, na wakae tabaka la kati au la chini, kwa sababu tabaka la juu lina mwenyewe. Rasbora halekwini sita ndio chaguo salama zaidi kwa lita 40. Tetra wadogo wa rangi ya kaa la moto wanafaa pia, wanane. Tetra wa neoni wanakubalika kwenye nyuzi 25 au 26, lakini usinunue watatu ili kubana matumizi: wakipungua chini ya sita huacha kutembea kwa kundi na kuanza kudonoa mapezi.

Koridora, kambare wadogo wa chini, wanahitaji lita 54, mchanga laini usiokata ndevu zao, na kundi la sita. Oto, samaki wadogo wanaokula mwani, wasubiri tangi litimize miezi mitatu na liwe na mwani, vinginevyo hufa njaa. Konokono wa nerite ni mmoja au wawili tu. Mayai yake hayaanguliwi kwenye maji ya tangi yasiyo na chumvi. Uduvi wekundu weka kumi au zaidi, mosi ikiwa imeshajaa, na ujue kwamba watoto wao wengi wataliwa. Dawa yoyote yenye shaba itawaua uduvi na konokono wote.

Wa kukataa: gapi dume, ambaye mkia wake humfanya beta adhani ameona mpinzani; tetra serpae na baabu wa milia, ambao ni wadonoaji; na goldfishi, ambaye hutaka maji ya baridi zaidi na huchafua sana. Ngege (tilapia) na nkejje (samaki wadogo wa Ziwa Victoria) hawana nafasi hapa hata wakiwa wadogo kiasi gani, kwani wote ni samaki wa kugombania eneo, na ngege hufika hata sentimita 60. Beta jike wengi pamoja? Hapana, si kwa tangi la ukubwa huu.

Majirani waingie kwanza, beta awe wa mwisho, wiki moja au mbili baadaye. Zima taa. Mfuko wenye samaki uelee dakika 15 hadi 20, kisha ongeza kikombe kidogo cha maji ya tangi kila dakika tano, mara nne au tano, halafu umtoe samaki kwa neti bila kumimina maji ya mfuko. Kutunisha mashavu siku ya kwanza si tatizo. Kukimbiza mfululizo, mapezi yaliyochanika, au jirani anayejificha nyuma ya filta asile, hayo ni tatizo. Kwa hiyo uwe na jerikani ya lita 20 iliyokatwa juu, isiyowahi kubeba mafuta ya taa wala sabuni, ikiwa na hita yake. Beta akichachamaa mtoe yeye, geuza mpangilio wa mimea, umrudishe baada ya siku tatu. Akirudia tena, huyo ni wa kuishi peke yake, na wapo wengi wa namna hiyo.

Kulisha: mpe beta punje mbili hadi nne asubuhi na jioni upande mmoja, majirani wapate upande wa pili wakati huohuo. Vidonge vya koridora vitie usiku taa zikizimwa, maana beta akivila hufura tumbo. Badilisha robo ya maji kila wiki.

Umeme ukikatika usiku, wa kuhofia si beta, kwani yeye huvuta hewa ya juu. Rasbora na tetra hawawezi, na gizani mimea nayo hutumia oksijeni. Chota maji kwa kikombe uyamwage tena kutoka juu kwa dakika chache kila saa, au tumia pampu ya hewa ya betri. Zungushia tangi blanketi kutunza joto, juu pabaki wazi.

Mimea uliyoipunguza na konokono wa ziada usivitupe mtaroni wala kwenye kinamasi. Gugu maji limelisumbua ziwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na konokono wakubwa wa jamii ya Pomacea, wanaouzwa kwa mapambo, waligunduliwa mwaka 2020 wakila mpunga Mwea, Kenya. Wakifika kwenye mashamba ya mpunga ya Doho au Kibimba hapa Uganda hawatakula kidogo. Anika mimea juani hadi ikauke kabisa ndipo uizike, na konokono uwaponde kwanza ukiwa umevaa glavu.